Vidato Kumi na Tisa

Shule yetu, milimani Carnia, ilijengwa na mtu mwenye magoti mazuri.
Vidato kumi na tisa vya mawe, tangu mlango wa chini
hadi darasa la juu, na barafu kwenye vitatu vya kwanza
kuanzia Novemba mpaka theluji ichoke yenyewe.
Wengine wakisema kidato humaanisha mwaka wa masomo.
Kwetu kilikuwa jiwe.

Nives Candotti alikuja mwaka ule sheria ilipobadilika.
Kabla ya hapo alikuwa "kule":
neno la watu wazima, lililosemwa kwa kidevu
kuelekea bondeni, penye uzio na bustani iliyofyekwa vizuri.
Mimi nilidhani kule ni jina la ugonjwa.

Irma mfagizi alimbeba mgongoni.
Tulihesabu kwa sauti, darasa zima tumeinama juu ya ngazi
kama watu wanaotazama mzigo ukipakuliwa.
Kwenye cha kumi na moja Irma hupumzika,
Nives huangalia ukuta.
Hakuna aliyemwuliza kama anapenda kuhesabiwa.

Nikawekwa naye dawati moja kwa sababu ya upole wangu.
"Livio, utamsaidia."
Nikasaidia kama kibarua anayelipwa kwa kipande:
nikamchongea penseli, nikamfunga vifungo,
nikamjibia.
Mkono wake ulipoanza safari kuelekea daftari,
safari ya kona nyingi, mkono unaorudi nyumbani
mara mbili kabla ya kufika,
wangu ulikuwa umeshafika.
Mama aliambiwa kanisani kwamba amezaa mtoto mwema.

Februari, mwalimu Zanier akauliza saba mara nane.
Nikafungua mdomo.
"Wewe funga. Nimemwuliza Nives."

Basi tukangoja.
Jiko la kuni likakohoa.
Duilio akacheka, akaacha, maana hakuna aliyemfuata.
Lori la maziwa likapita, likateremka mpaka darajani,
tukalisikia likibadilisha gia.
Shingo ya Nives ikapinda, taya likatafuta,
sauti ikatoka kama maji ya bomba lililoganda:
kwanza kutu, kisha hewa, kisha
"Ham-sini. Na sita."
Hatujapumua, akaanza tena,
na hili lilichukua muda zaidi, nasi tukalingoja pia:
"Livio. Ondoa. Mkono wako."

Ulikuwa juu ya daftari lake.
Sikuwa nimeuona.

Mwezi wa tatu mgongo wa Irma ukagoma.
Wazazi wakakutana. Mmoja akasema arudishwe kule
mpaka Irma apone. Mwingine akapendekeza kapi na kamba,
kama tunavyopandishia nyasi kavu darini,
na hakuwa anatania.
Zanier hakuhudhuria. Alikuwa chini, stoo ya kuni,
amevaa koti la mumewe, anapima sakafu kwa hatua.

Asubuhi tulikuta ubao umesimama kati ya magogo.
Nives hatukumpandisha tena.
Tulishuka sisi,
na madawati, na ramani, na jagi la wino,
Duilio akilalamika kidato kwa kidato
kwamba chini kunanuka panya.
Kulinuka panya.
Tulisoma humo mpaka kiangazi, miguu imetuganda sote.

Siku hizi natengeneza ngazi; ndiyo kazi iliyonipata.
Mteja akinionyesha mchoro wake mzuri, wa kujipinda,
namwuliza kwanza nani atakuja kumtembelea.
Wengine huondoka kwa fundi mwingine.

Nives yuko Tolmezzo, ofisi ya ardhi,
anagombana na watu juu ya mipaka.
Hunipigia simu Jumapili.
Kisa kimoja cha mpangaji wake huweza kumaliza saa nzima,
na mke wangu, akipita na sahani,
hunikuta nimeshika simu sikioni, kimya, natazama dirisha.

"Kuna mtu kweli huko?"

Nainua kidole.
Yupo. Anakuja.