Maneno Kumi na Tisa

Saa saba na robo. Ofisi ya Changamwe imebaki na feni,
na mimi, na viazi karai vinavyochuja mafuta kwenye gazeti.
Bi Mwanate ameniachia karatasi mezani, wino wa kijani:
"Ile kamusi elezo ya mtandaoni. Ukurasa wetu. Usafishe."

Usafishe. Sisi watu wa sabuni neno hilo halitutishi.

Nikajiandikisha kwa jina la Mpenda Mji.
Kwanza nikarekebisha mwaka: hatukuanza sabini na nane,
tulianza sabini na sita, hati ninayo kabatini.
Hilo lilikuwa kweli tupu, naapa.
Kisha "kampuni ya sabuni" nikaifanya "kampuni ya sabuni inayoongoza".
Inaongoza nani, kwenda wapi, sikusema.
Kisha nikafika hapa, nikaacha kutafuna:

Machi 2009, tangi la magadi makali lilipasuka;
wafanyakazi watatu waliungua, na mmoja,
Nyamvula Mwero, alifariki siku ya nne hospitalini.

Maneno kumi na tisa. Niliyahesabu
kama mtu anavyohesabu chenji asiyotaka kurudisha.
Hayakuwa na uongo hata chembe.
Nikayavika buluu, nikabonyeza.
Palipoulizwa sababu ya badiliko nikaandika: "lugha".

Usiku yakarudi. Mtu anayejiita Kunguru wa Tudor
aliyarudisha, bila tusi.
Nikafuta. Akarudisha. Nikafuta.
Siku ya tatu akaniuliza, kwa adabu iliyonikera:
"Ndugu Mpenda Mji, je, kuna anayekulipa?"

Nilikuwa na jibu refu. Kwamba naijua kampuni hii kuliko yeye,
kwamba ngazi za tangi jipya nimezipanda kwa miguu yangu,
kwamba asiyeingia kiwandani hawezi kukiandika kiwanda.
Lakini mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake,
na vidole vyangu vilikwisha kushika ukingo wa ngozi.
Nikanyamaza. Ofisini kwetu kunyamaza ni kazi, kuna posho yake.

Jumatatu nikateremka getini kununua viazi.
Mbeyu akanimiminia ukwaju bila kuniuliza, ananijua,
akafuta mkono kwa leso, akatoa simu yenye ufa.
"Mwanangu Kombo alinionyesha jina la dada yangu humu.
Nikawa nalitazama kila alfajiri kabla sijawasha jiko.
Sasa kuna siku lipo, kuna siku halipo.
Wewe mtu wa kompyuta, hebu nitazamie:
ni bando langu, au ni nini?"

Lori la makasha likapita, likanipa muda wa kutojibu.
La pili. La tatu. Foleni ya bandarini haijawahi kunifaa vile.
Nikamwambia, "Nitaangalia."
Akakataa pesa yangu.

Viazi vile nilipanda navyo hadi juu vikapoa.

Sentensi sikuirudisha mimi; Kunguru alinitangulia,
na mkono uliofuta hauna haki ya kusifiwa kwa kuandika.
Nilifungua ukurasa wa Mpenda Mji, mtupu tangu nizaliwe humo,
nikaandika: "Jina langu Famau Shebwana, idara ya mawasiliano.
Kampuni hii hunilipa kila tarehe ishirini na nane.
Mwaka wa kuanzishwa ni sabini na sita, ushahidi huu hapa;
autazame mwingine, auingize mwingine.
Neno 'inayoongoza' ni langu. Liondoeni.
Yale kumi na tisa niliyafuta mimi, na haikuwa lugha."

Kisha nikakaa. Feni ikazunguka.
Leo ni tarehe ishirini na sita.

Dirishani namwona Mbeyu ameinua simu juu ya kichwa,
anatafuta mtandao.

Ngazini, viatu vya Bi Mwanate.