Chapa ya Sikio la Kushoto

Jumapili, Walkley. Mvua ya Sheffield
hainyeshi, inaning'inia tu kama mgeni asiyeaga.
Gereji ni ya Doreen. Jiliwa ni la marehemu Harold,
aliyefua visu humu miaka arobaini
akaniachia, bila kunijua, harufu ya mafuta ya kitani
na mkebe wa biskuti uliojaa misumari ya shaba.

Kisu changu cha kumi na moja kiko tayari.
Kumi vya mwanzo vimeondoka bila jina,
kama watoto waliotumwa dukani wasirudi.
"Nani atajua ni chako?" Doreen aliniuliza,
chai mkononi, slipa miguuni.
"Harold alikuwa na muhuri. Pigo moja la nyundo.
Likienda upande, anakitupa."

Mimi sina muhuri. Nina betri ya mraba
niliyoivua kwenye king'ora cha moshi jikoni
(Mungu atulinde leo), nyaya mbili,
pamba ya masikio, chumvi, siki,
na rangi ya kucha iliyobaki harusini kwa binamu Mbeleje.

Niandike nini?
Nyemo? Herufi zenye tumbo hujaa uchafu.
Chidawali? Bapa halitoshi,
na kila mnunuzi ataniuliza linatamkwaje.
Nikamkumbuka babu, kule Mvumi, asiyejua kusoma,
na ng'ombe wake thelathini na saba,
wote wameandikwa sikioni:
mikato miwili, chini, sikio la kushoto.
Mwaka walipoibwa alitembea siku nne hadi mnadani,
akapenya kundi la watu wasiomwamkia,
akashika sikio moja. Akashika la pili.
Hakusema neno. Masikio yalisema.

Basi mikato miwili.
Nimepaka rangi karibu na mpini,
nimekwaruza kwa sindano ya kushonea
hadi chuma kikachungulia.
Waya mwekundu unashika mgongo wa kisu,
mweusi unashika pamba iliyolewa siki.
Gusa. Moja, mbili, tatu. Inua.
Chuma kinachachatika kama mafuta yanayopokea kitunguu,
povu jeusi linapanda, nalifuta, narudia.

Mara ya sita, rangi ikabanduka.
Siki ikapenya chini, ikala isikoalikwa.
Badala ya mikato, doa,
kama ziwa lililokauka likaacha ukingo wake.
Nikatukana Kigogo, peke yangu, gereji nzima,
neno ambalo bibi angelisikia angenifinya.

Msasa. Mia nne, mia sita, maji,
bega la kulia likilalamika.
Doa limekataa kwisha. Ukikiinamisha dirishani
bado lipo, hafifu, kama kovu la ndui.
Likae. Nikapaka upya, tabaka mbili,
safari hii nikangoja kwa adabu.

Babu alikata mara moja tu, damu ikatoka,
ndama akalia, mama yake akaitika kutoka boma la pili.
Chuma hakilii.
Nilitega sikio hata hivyo.

Magadi ya kuzima siki. Maji. Kitambaa. Mafuta.
Mikato miwili, myeusi, upande wa kushoto
ukikishika kama mtu anayetaka kula,
si kama mtu anayetaka ugomvi.

Doreen akakata mkate, kisha kitunguu, kisha mkate tena.
Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chapa:
ukanasa. Ukanasa tena.
"Inasemaje?"
"Inasema: akipotea, mrudishe."

Hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na peni moja
(huku kisu hakipokelewi bure, hukata urafiki),
akanitilia kiganjani. Sarafu kuukuu,
uso wa malkia umelika, imebaki pua.

Usiku nikarudisha betri mahali pake.
King'ora kikaanza: pii, halafu kimya, halafu pii.
Imechoka, nayo.
Sikushuka kitandani. Nililala nikikisikiliza
kama ndama wa boma la pili.