Nzuri, Ila

Chumba chetu kilikuwa stoo ya vyandarua,
mpaka leo kinanuka dawa.
Meza moja, viti viwili, feni inayolalamika,
na karatasi ya maswali tisa
iliyotoka mbali ikavishwa Kiswahili
kama mtoto kwenye kanzu ya kuazima:
mikono mirefu, shingo inabana.

Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umekosa raha ya kufanya mambo?
Sifuri, hapana kabisa. Moja, siku chache.
Mbili, siku nyingi. Tatu, karibu kila siku.

Shekiondo, mpima robota za katani kule Pongwe,
alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kivuli.
“Mambo yapi, dada?”
Yoyote, nikasema.
“Yoyote sina. Ninayo ya kupima.”
Nikaandika mbili. Sijui kwa nini mbili.

Siku ile ya kwanza alipata ishirini na moja.
Mkewe, Mbonea, alikuwa na miezi mitano udongoni.
Nilijumlisha mbele yake, nikaguna bila kujua.
Yeye akasikia.

Wiki ya nne, kumi na tano.
Ya sita, tisa. Ya nane, sita.
Mstari wa grafu ukashuka ngazi kwa adabu,
ofisini wakaupiga picha,
nami nikajinunulia soda, nikainywa kwa madaha.

Lakini shati lake lilikuwa lilelile,
na kifungo cha pili hakikuwepo.

Nikailaza karatasi kifudifudi.
Nikamjulia hali kama watu.
Habari za nyumbani?
Nzuri.
Za kazi?
Nzuri.
Za usiku?
Nzuri,
feni ikaenda, ikarudi,
nzuri, ila silali.

Ndivyo tulivyolelewa.
Hujambo, sijambo: hata mwenye homa hajambo.
Ukienda kutoa habari ya msiba unaanza na nzuri,
unampa mwenzio kwanza pa kukaa,
ndipo unamtwisha ila.
Nikayapitia maswali, la kwanza hadi la tisa.
Ila haina kisanduku.

Mbona uliniambia sita?

Akacheka kidogo. Sikuwahi kukisikia kicheko chake.
“Siku ya kwanza uliguna.
Nikasema, binti wa watu namtia uchungu.
Basi kila nikija napunguza.
Robota likilowa, dada, mizani inasema uongo,
na kosa si la mizani.
Inabidi mtu atie mkono katikati, apapase.
Wewe ulikuwa unasoma mshale tu.”

Tukaanza upya, polepole.
Hilo la tisa, la kutamani usiwepo,
sikulisoma. Nililiuliza
kalamu ikiwa mezani.
Alikwisha kunipa sifuri mara nne.
“Siku chache,” akasema,
akaitazama mikono yake,
na tulikaa hapo muda mrefu, foleni nje ikikohoa.

Jumla, kumi na nne.
“Kumi na nne,” akarudia. “Ndiyo barabara ninayokaa.”
Kwetu Ngamiani mitaa ni namba;
mtu akikutajia yake
amekuonyesha mlango.

Jumatatu simu ikaja kutoka ofisini:
mbona mteja huyu amepanda, umekosea kuingiza?
Sikukosea, nikasema.
Nafuu yake inaanzia hapo anapopanda.
Kimya. Kisha: andika maelezo.
Nafasi ya maelezo ni mstari mmoja,
mfupi kuliko jina langu na la baba yangu.
Nikaandika: ila.
Nikaweka nukta tatu, nikaifuta moja,
nikapiga muhuri.

Wiki iliyofuata alikuja mapema.
Kifungo cha pili kimeshonwa,
uzi mweusi kwenye shati jeupe,
mshono wa mtu asiyejua kushona.
Karatasi haina swali la kifungo.
Nilikiona, nikavuta kiti,
nikamwuliza habari za asubuhi.