Zamu ya Kushika Mwiko

Jikoni kwetu Utrecht, juu ya duka la baiskeli,
tulikuwa na sheria moja, nayo tuliipenda:
anayeshika mwiko ndiye msemaji.
Mwiko wenyewe ulikuwa wa Wietske, wa mbao,
ncha imeungua kwa supu ya njegere.
Mwiko mwingine hatukuwa nao. Tulijisifia hilo,
watu saba, bila Mungu wa kuogopwa, bila pazia dirishani,
mwili wa mwenyewe, kitanda cha mwenyewe,
na aliyependa kuoga mlango wazi
aliuacha wazi.

Jumanne moja ya Novemba Wietske aliushika
akasema sentensi moja.
Sitaiandika hapa.
Mimi bado naishi nyumba ile.

Ilikuwa fupi. Maneno tisa, pengine kumi,
ya mtu anayewaza kwa sauti huku anakoroga.
Naoual akaweka uma chini, akaenda chumbani mwake,
tukamsikia, maana kuta zetu ni karatasi,
na machozi yale, tuelewane, hayakuwa nadharia:
yalikuwa na kamasi, yalikuwa na jina la mama yake.

Tukaketi. Tukasema "usalama", tukasema "mipaka",
kwa upole, upole ule wa daktari wa meno.
Hakuna aliyepaza sauti.
Hakuna aliyemuuliza alimaanisha nini.
Joost aliandika muhtasari. Tukapiga kura,
na mkono wangu ulipanda kama maziwa yanayochemka,
ukiyageukia kidogo tu
yameshafika juu.

Hatukumfukuza. Alihama.
Kuna tofauti, tuliambiana.

Krismasi nilikwenda kijijini kwa bibi yangu Aaltje,
miaka themanini na tisa, ambaye hadi leo
huimenya peremende ndani ya mfuko wa koti
kwa kidole kimoja, bila karatasi kulia,
ufundi wa mahubiri ya saa mbili.
"Alisema nini huyo msichana?"
Nikamnong'oneza sikioni, nyumbani mwake, tukiwa wawili tu.
Akamumunya. "Upuuzi," akasema.
"Na kahawa sasa anakunywa na nani?"

Kisha akanipa ya mwaka sitini na mbili:
Harm mdogo, koo limevimba, siku ya Bwana.
Akapanda baiskeli kwenda kwa mfamasia,
kilomita sita, mbele ya madirisha yote
yasiyofungwa pazia, kwa kuwa mwenye haki hana cha kuficha
na jirani mwema hana budi kuona.
Wazee wa kanisa walikuja wawili, kofia magotini.
Nao walikuwa wapole.
Miezi kumi na minne mwokaji alimuuzia mkate
macho yake yakiwa kwenye mizani.
"Hawakunichukia. Walikuwa wanailinda Sabato.
Sabato ni kitu kizuri, mwanangu. Naishika mpaka leo."

"Kwa hiyo ni mamoja?" nikauliza,
nikitaka aseme ndiyo, nikitaka aseme hapana.
"Baiskeli haikumliza mtu," akasema.
"Si mamoja."
Akafunga kopo la peremende.
"Lakini ule mkate naukumbuka."

Wietske alisahau mwiko wake, au aliuacha.
Januari niliuviringisha gazetini, nikaendesha hadi Zuilen.
Dirisha halikuwa na pazia. Alisimama jikoni peke yake
akikoroga sufuria kwa uma.
Nilisimama ng'ambo ya barabara,
kiganja kimeifunika kengele ya baiskeli
isije ikasema.

Umo kwenye droo yangu, chini ya soksi.
Jikoni tumenunua mpya, wa silikoni,
hauungui, haushiki harufu.
Siku za kikao tunaupokezana
haraka,
haraka,
kila mtu akiwa na maoni yale yale
na mkono mwepesi wa kumpa jirani.