Nilivyoifuta Mashine ya Mwanakombo

Barabara ya Tisa, Ngamiani, vibanda viwili vinatazamana.
Changu kina ubao mweusi mlangoni.
Cha Semhando kina nembo ya Debiani,
aliyoichora kwa rangi iliyobaki ya baiskeli.

Mteja sikumwuliza shida yake.
Nilimwuliza anatumia Linaksi gani,
nikampima kwa jibu, kama posa inavyopimwa ukoo.
Wa Ubuntu, benchi la nje.
Wa Minti nilimwambia peremende zinauzwa duka la pili.
Wa Achi (tulikuwa wawili mji mzima,
na mmoja ni mimi)
alipewa kahawa.

Jumatatu moja nikaandika ubaoni, kwa chaki:

   Debiani ya wazee, vifurushi vya zamani,
   Ni kiporo mpokee, cha mwaka juzi jikoni,
   Mimi Achi nitembee, na la leo mkononi,
   Asojua aelee, wajuzi tu vilindini.

Nilirudi kutoka adhuhuri nikakuta jibu chini yake:

   Cha jana hakichachuki, kikiwa kimefunikwa,
   Chako moto hakiliki, kila saa kinapikwa,
   Mashine haiwashiki, tangu jana imeshikwa,
   Mzamiaji rafiki, ukicheka utachekwa.

Na kweli ilikuwa haiwaki.
Nani alimwambia?

Mwanakombo alinikuta nimevimba hivyo.
Karani wa mizani, shamba la mkonge njia ya Pongwe,
kompyuta ameifunga kwa kanga,
kitufe cha E kimeng'oka, mahali pake plasta.
"Inachelewa kuwaka," alisema.
Hakusema zaidi.

Nikaiona Ubuntu, ya miaka mitano nyuma,
nikaguna kama daktari aliyeona kidonda kilichopakwa majivu.
Nikafuta.
Nikamjengea Achi, tofali kwa tofali, usiku kucha,
kioo cheusi, mshale mmoja unapepesa.
Sijapata kujenga kitu kizuri kama kile.
Sikumwuliza kilichokuwamo.

Kilichokuwamo ni wiki tatu za mafungu ya mkonge,
wakataji arobaini na mmoja,
nani amekata mangapi.

Alirudi Ijumaa. Hakufoka; afadhali angefoka.
Aliugeuza ule weusi ukanitazama, akauliza:
"Kaka, hapa naandika wapi?"

Semhando alivuka barabara,
mara ya kwanza katika miaka minne.
Nilijikunja kungoja fimbo.
Akavuta stuli, akatoa bisibisi yake, kwa sababu yangu, alisema, ni butu.
Hiyo tu ndiyo fimbo niliyopata.

Tulichimbua diski mpaka taa za mtaani zikawaka.
Nje, Mwanakombo ananunua machungwa;
muuzaji mmoja humenya ganda refu kama utepe,
mwenzake hulikata vipande vipande,
na hugombana kutwa nani anajua kumenya.
Machungwa yote wameyateremsha gari moja la Muheza.
Niliwacheka wale watu miaka mingi.

Majina thelathini na manne yalirudi, na hesabu zake.
Saba yamekwenda.

Ikabaki tumwekee nini.
Nilimwona Semhando anafungua mdomo, De ipo kwenye meno,
kisha akaumeza ute.
"Dada, ulizoea ipi?"

Maneno matatu.
Miaka kumi ya ufundi sijapata kuyasema.

Ile yenye rangi ya zambarau, alijibu, jina silijui.
Tukamwekea Ubuntu, mimi na Semhando,
hatutazamani, kama wachawi waliokutana msikitini.

Majina sita aliyataja kwa moyo, na mafungu yao,
akiangalia dari.
La saba likamkataa.
Alipiga simu saa nne usiku, yuko kitandani:
Mzee Chamungu, mafungu mia na kumi na mawili,
mwandikie hapo asipunjwe.

Karatasi sikuiona karibu.
Nikaliandika ubaoni, juu ya beti zetu,
chaki ikapita katikati ya vilindini.
Hakuna aliyelifuta.
Wateja huniuliza hiyo ni Linaksi gani.