Kuning'inia Nje

Mwalimu Ambakisye aliandika ubaoni
maneno mawili ya Kiingereza, akauliza maana.
Nikasimama: "Kuning'inia nje."
Darasa likacheka; hata yeye, chaki ikamdondoka.

Mimi niliwaza sweta langu la shule,
siku ya nne kambani.
Mvua ya Tukuyu haijui Jumapili;
likikaribia kukauka, linaloweshwa upya.

"Ni kukaa na mtu," akasema,
"bila shughuli yoyote."

Jioni nikamkuta Gwantwa barazani kwetu,
kikapu kitupu cha chai mgongoni,
hana alichofuata.
Tukamenya ndizi za kuchoma,
tukatazama ukungu ukimeza migomba.
Hatukuongea sana.

Sweta lilikuwa juu yetu, chini ya bati,
linamdondoshea maji shingoni,
wala hakusogea.