Mswaki wa Kahe

Kaka zangu waligawana migomba na kahawa huko Kibosho,
mfereji, kivuli, makaburi ya wazee.
Mimi nikapewa Kahe:
nusu heka chini kabisa, ukingoni mwa Rau,
udongo umeota magadi kama ukoga wa meno.

Bwana shamba Mbazi alichota, akaonja, akatema.
"Aikande, hapa hata mchicha utakukatalia."
Akaandika namba kwenye kadi, akawasha pikipiki.

Kilichokuwepo ni kichaka.
Mswaki, matawi yote yameinamia upande mmoja,
kule unakokwenda mto,
kama watu waliozoea kumpisha mkubwa.
Nilikuwa na panga mkononi. Sikukikata.
Uvivu tu, siku ile.

Aprili mto ulipanda usiku.
Haukubisha hodi. Ulichukua ua wa mabua, ndoo, kuku wawili,
na mkuyu uliosimama wima tangu enzi za reli,
ukaulaza.
Kichaka kililala chenyewe kabla ya kulazwa.
Nilikimulika kwa tochi kikizama, jani kwa jani,
nikasema: nacho kimekwenda.

Siku tisa, tope.
Ya kumi nikashuka na jembe.
Mto ulikuwa umekizika mpaka shingoni
kwa mchanga wa mlimani, mweusi,
juu ya magadi meupe.
Nikafukua kwa vidole.
Pale palipokuwa tawi, ganda limepasuka
na mizizi inachungulia, myeupe, kama jino la kwanza.
Haikungoja ile ya chini iliyokosa pumzi.
Ilikuwa imeanzia kiunoni.

Nikachuma jani, nikatafuna.
Chumvi. Halafu ukali,
ukapanda puani, ukanitoa machozi.
Kumbe ndiko kinakoyaweka magadi:
hakiyakatai, kinayanywa, kinayabeba hadi jani,
na jani likishiba
linadondoka.

Jioni Elinami akapiga simu kutoka mlimani.
Nyuma yake nilisikia mtu akipiga jembe kwenye mfereji uliobomoka.
"Shamba lako bado lipo?"

Nikatazama ule mchanga, kina cha kiganja na nusu,
na matawini, yamenasa kama nguo za kuanika,
majani ya kahawa, gome la mgomba,
kipande cha isale chenye alama ya panga,
mpaka wa mtu huko juu.

"Lipo," nikasema.
"Na la kwenu kidogo."